Shati Lenye Kola Tatu

Fundi cherehani mmoja alikuwa na miaka arobaini na tisa alipoanza kusomea malezi ya watoto kwa njia ya mtandao. Wenzake watatu wa kundi walilingana na wanawe kwa umri, wakimwita Mama. Kila mmoja aliandika sehemu ya kazi yao nyumbani kwake, wakaziunganisha kwa simu na kuzituma. Mwalimu akairudisha kazi: wairekebishe kufikia Jumatatu, la sivyo warudie mwaka. Naye alikwisha kumwahidi bintiye, aliyekuwa chuo kingine, kwamba watahitimu mwaka mmoja.

Jumamosi, siku pekee ya mwezi ya kukutana darasani ana kwa ana, akawakokota hadi kibandani kwake. Alitandaza kurasa kwenye meza ya kukatia, akazibana kwa pini, kisha akasogea nyuma kuzitazama kama atazamavyo gauni lisiloshonwa bado.

"Wanangu, hili shati lina kola tatu," alisema. "Na mikono halina."

Kweli. Watatu walikuwa wameandika utangulizi, na matokeo hayakuandikwa na yeyote.

"Nilidhani anaandika Kiranja," alisema mmoja, akimtazama kiongozi wa kundi.

"Na mimi nilidhani wewe," alijibu Kiranja, "maana ndiwe mwenye kelele nyingi kundini."

Walicheka hadi mteja aliyefuata suruali yake akaomba aambiwe, naye acheke. Kisha wakaandika mchana kutwa, vichwa vinne juu ya meza moja.

Jumatano majibu yakaja: wamefaulu. Akampigia bintiye.

"Njoo nikupime joho," alisema. "Langu nimeshalikata."