Nilichokitoa Kwenye Injini

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipofunga boneti ya gari langu hapa Kamina, na watu waliosimama kando wakapiga makofi. Lilikuwa gari la zamani, lenye mlango mpana wa nyuma. Taa ya injini haikuwa ikizimika, na kila mvua iliponyesha gari lilikufa njiani. Hapa mjini hapakuwa na mtu mwenye chombo cha kuisoma kompyuta ya injini.

Nilikuwa nimesoma sekondari ya ufundi, na elimu kidogo hulevya kuliko pombe. Niling'oa kompyuta na nyaya zake, nikafunga kabureta niliyoitoa kwenye gari bovu, nikaiachia inywe mafuta mengi ili isikwame milimani. Kopo la kusafisha moshi lililo chini ya gari lilikuwa limeziba, basi nikalikata, na bomba la moshi nikaliacha liishie chini ya sakafu ya nyuma. Injini ikawaka mara moja.

"Weye njo fundi!" walisema, yaani mimi ndiye fundi hasa. Nami nikaamini.

Siku chache baadaye nilikwenda Kaniama kuchukua mahindi pamoja na mdogo wangu, Ilunga. Unajua tunavyopakia huku kwetu: gari likijaa, mlango wa nyuma huachwa wazi na kushikizwa kwa kamba ya mpira, na mtu hulala juu ya magunia ili yasidondoke. Ilunga ndiye aliyelala pale. Mbele, kando yangu, alikaa Mama Zaina, mfanyabiashara wa asili ya Maniema, aliyeomba nafasi ya kurudi Kamina. Vumbi lilikuwa jingi, tukafunga vioo.

Hatukufika mbali.

"Baba, kichwa inaniuma," alisema Mama Zaina. "Hii moshi inaingia mu motokari."

"Mama, weye unauza samaki kila siku, leo unaogopa harufu?"

Alicheka kidogo, akashusha kioo chake na kutoa uso nje. Ilunga, ambaye huniita Yaya, yaani kaka, akaita kutoka nyuma, "Yaya, simama kidogo. Minyi nataka kutapika."

"Ulikula bukari ya watu watatu!" nilimjibu, nikimaanisha ugali aliokula Kaniama. "Ngoja tumalize kilima."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilitaka tupande kilima kile bila kusimama, ili Mama Zaina akasimulie sokoni jinsi gari langu linavyovuta. Tulipofika juu, Ilunga alikuwa kimya. Nilidhani amelala, na nikafurahi, kwa sababu aliyelala halalamiki.

Tulipofika Kamina nilimvuta mguu, hakuamka. Hospitalini daktari aliniuliza alikuwa amepanda nini, nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba moshi wa injini una sumu, na kwamba mlango wa nyuma ukiwa wazi, gari likienda huuvuta moshi wake ndani lenyewe. Kile nilichokikata ndicho kilichokuwa kikiipunguza sumu ile.

Ilunga aliamka baada ya siku kadhaa, lakini si yule niliyemjua. Alikuwa akiongoza nyimbo kanisani bila kufungua kitabu. Sasa huanza mstari, akakwama, akatutazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Majina ya watoto wake, mkewe humnong'oneza. Kila asubuhi huniuliza, "Yaya, tunaenda Kaniama lini?" Huniuliza kwa upole. Ningependa anitukane, mwanangu, lakini hakumbuki cha kunitukania. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sikuambii uogope kushika spana. Vitu vingine kweli ni vya kutoa, na gari rahisi linatufaa sisi tulio mbali na maduka. Lakini kabla hujatoa kitu, uliza kilikuwa kikizuia nini. Usipopata jibu, kiache, hata kama gari litalala uani mpaka majani yaote chini yake. Tena, mtu aliye ndani ya kazi yako akisema anaumia, simama papo hapo. Usimtanie wala usimwambie angoje. Anayepanda gari lako amekukabidhi pumzi yake.

Mungu akupe mikono inayojua kutengeneza, na masikio yanayosikia mapema. Wadogo zako wakue, wazeeke, wakuite jina lako bila kusahau. Na mimi, mwanangu, uniombee.