Kisiki cha Mti Mkubwa

Juzi hapa kambini Dzaleka nilimkuta mama wa Bukavu, fundi cherehani, amepiga magoti akipiga picha kisiki cha mti mkubwa uliokatwa asubuhi hiyo. Nyuma yake mashine ya kushona ilikuwa juani.

“Mama, unapiga picha ya nini? Muti imekwisha,” alisema mkata miti, akifuta msumeno.

“Bantu ba Chinsapo, kule mujini, benye banaletaka bitambaa, niliambiaka bote: kwa muti mukubwa. Nabatumia picha, bajue niko pale pale.”

“Si uhame, utafute kivuli?”

Mama akapangusa unga wa mbao juu ya kisiki, akapiga nyingine. “We ulikata muti, papa. Adresi yangu haukuikata.”

Jioni nilimwambia mwendesha kabaza, baiskeli ya abiria, anipeleke kwenye mti mkubwa. Akakanyaga baiskeli bila kuuliza upi.