Mazimu Matano Ukutani Kwangu

Mie shule niliishia darasa la pili. Sikufukuzwa, niliitwa nyumbani kulea wadogo zangu. Lakini ukija hapa Chanika sasa hivi nakufundisha sanaa ya kisasa ya dunia nzima, na kwenye kiti siinuki. Iko ukutani kwangu, upande wa barabarani, vipande vitano.

Aliyeniletea ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ninayeishi naye. Yuko chuo anasomea kuchora. Watu wakiniuliza nasema anasomea mambo ya rangi. Wanaelewa saluni, nami nawaacha hivyo hivyo.

Siku hiyo kaja kapiga magoti, kitu ambacho hafanyagi, nikajua kuna ishu.

"Bibi, naomba ukuta."

"Uende nao wapi?"

"Nichore, Bibi. Ndiyo kazi ya mwisho wa mwaka, tuwaoneshe watu wa mtaani mitindo ya sanaa ya kisasa. Mwalimu anakuja mwenyewe Alhamisi ijayo kusahihisha. Nikifeli narudia mwaka."

Ukuta nilikuwa nimetoka kuupaka chokaa, mweupe pe. Nikampa. Nina akili mie?

Kipande cha kwanza kaniambia kinaitwa impreshonizimu. Nimesogea, naona madoa matupu, utadhani mtu kapangusia brashi.

"Usikae karibu, Bibi. Hawa walikuwa wanawahi mwanga kabla haujabadilika, wanachora haraka haraka. Rudi nyuma."

Nikarudi. "Tena." Nikarudi tena, nikavuka barabara, nikafika gengeni kwa jirani yangu, mgongo kwenye nyanya zake. Hapo kweli nikaliona shamba la mihogo asubuhi, jua linachungulia kwenye majani. Zuri, sisemi uongo. Kwa hiyo mwenye nyumba nikitaka kuutazama ukuta wangu, nikasimame kwa watu.

Cha pili ni fovizimu. Kanichora mie, uso wa kijani, pua ya rangi ya chungwa.

"Nimekufa lini?"

"Bibi, hawa walisema rangi si lazima ifanane na kitu chenyewe. Rangi ni hisia."

"Kwa hiyo hisia zako kwangu ni mkate ulioota ukungu."

Cha tatu kasema kubizimu, mie nikasikia kuzimu. Astaghfirullah, mtoto huyu ananipeleka wapi? Kanichora tena, safari hii vipande vipande, chungu kilichopasuka kikaungwa na mtu mwenye haraka zake. Jicho linatazama mbele, pua ya ubavuni, na kisogo nacho kipo. Eti wanakuonesha pande zote kwa mara moja. Ahsante sana. Miaka yote nafunika kisogo changu kwa mtandio, leo kiko barabarani.

Cha nne, sarializimu, hao wanachora ndoto, maana wanasema ndotoni ndiko mtu anasema ukweli. Birika lina miguu ya kuku, linapanda kitandani. Nikamuuliza ndoto ya nani, akasema yake. Nikamshauri awe anakula mapema.

Unaona majina yote yanavyoishia? Zimu, zimu, zimu. Nikamwambia jirani yangu wa genge, shoga, nyumbani kwangu nafuga mazimu.

Kikabaki kipande kimoja cheupe. "Hicho ni abstrakti, Bibi. Pale hakichorwi kitu chochote. Mistari na rangi tu."

"Basi kishaisha," nikasema. "Kiache."

Nikaenda zangu Segerea harusini kwa mdogo wangu, nikalala siku mbili, nikarudi Alhamisi asubuhi. Sijafika hata mlangoni, jirani wa genge kanikimbilia, mikono kichwani.

"Shoga, pole! Na huku wamekufuata!"

Nikageuka. Eks nyekundu, kutoka juu ya ukuta mpaka chini.

Kabla ya Chanika sie tulikuwaga Kimara, nyumba aliyojenga marehemu mume wangu, karibu na Morogoro Road. Barabara ikapanuliwa, ukuta wetu ukapigwa eks nyekundu. Mji huu eks nyekundu haina tafsiri mbili: bomoa. Ikabomolewa. Hii ya Chanika nimeiinua tofali moja moja, na mume wangu hakuiona ikiezekwa.

Sikumuuliza mtu. Nikaanza kutoa vitu nje: kitanda, godoro, kabati la vyombo. Majirani wakaja kusaidia. Wa genge kabeba mito yangu, macho yake kwenye kinu.

"Na hiki kinu nacho unahama nacho?"

"Nahama, shoga, sijafa. Usirithi."

Mjukuu wangu katoka bafuni, povu bado liko sikioni.

"Bibi, tunaenda wapi?"

"Wewe umelalaje kwenye nyumba yenye eks?"

Kaangalia ukuta, kaniangalia mie. "Bibi, ile nimechora mie. Ndiyo abstrakti."

Nikakaa juu ya godoro, pale pale barabarani. Nilipoinuka nikaifuata ndoo ya chokaa na brashi.

"Bibi, mwalimu yuko njiani! Nitarudia mwaka!"

"Rudia. Mbona eks umeirudia."

Nimechovya, nimeinua mkono, nasikia nyuma yangu, "Shikamoo, mama."

Mwalimu. Nikamwitikia, "Marahaba, baba, karibu, tunafuta."

Kaomba atazame kwanza. Vipande vinne kavikubali, anaandika huku anaitikia kwa kichwa. Kwenye cha tano kalamu ikasimama.

"Hii siyo abstrakti. Hii ni alama, kila mtu anaisoma. Bibi yako mpaka katoa kitanda."

Nikajua mtoto anafeli, na mie ndiye shahidi. Chokaa inanidondokea mguuni.

"Mwalimu, mie sikujua kuisoma," mjukuu wangu akasema. "Kimara nilikuwa darasa la pili. Niliona mistari miwili tu, myekundu, halafu babu akakaa chini yake akalia. Mistari miwili. Mpaka leo sijaona picha nyingine yenye nguvu ile."

Tulimdanganya, unajua. Tulimwambia tunahamia shamba kwenye hewa nzuri, akashangilia, tukasema afadhali mtoto hajui. Kumbe alikuwa amesimama pale anatazama.

Brashi nikairudisha kwenye ndoo. "Andika, baba," nikamwambia mwalimu. "Mie sifuti."

Kaandika. Kapasi. Na kabla hajaondoka nikamshikisha kabati upande mmoja, maana hisia hazirudishi vyombo ndani.

Eks yangu ipo mpaka leo, na kiti changu nimekiweka chini yake. Wapita njia wananionea huruma. Juzi kaka mmoja kasimamisha bodaboda yake kabisa.

"Pole, mama. Wamekupa siku ngapi?"

"Sijui, baba," nikamjibu. "Ila aliyeichora kasema ni rangi ya mafuta, haitoki leo wala kesho."