Mishono Mitatu Kiunoni

Wateja walimwita Futi, kwa ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake tangu anafungua duka hadi anafunga. Alishona nguo za kiume kwa miaka ishirini na minane katika chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, na kibanda cha kujaribia nguo kilichozibwa kwa pazia la kahawia. Ukutani alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: HATUPOKEI VIPIMO KWA SIMU. Mtu akipiga kusema kiuno chake ni thelathini na nne, alimkatiza.

"Umejipima mwenyewe?"

"Ndiyo, fundi."

"Basi umejidanganya. Hakuna anayejipima asivute tumbo ndani. Njoo."

Hata daktari wa zahanati ya ng'ambo ya barabara, aliyeshonewa hapo makoti yake meupe, ilimbidi avuke na kusimama wima kama mwanafunzi. Nayasema haya ili ieleweke kwamba Futi hakuwa mjinga. Ujinga ningeusamehe.

Damu aliiona chooni mwezi wa pili. Hakumwambia mtu. Mchana wa siku hiyohiyo aliingia kibandani, akavuta pazia kama mteja, akatoa simu. Hakuandika alichokiona. Aliandika: dawa ya bawasiri. Jina la ugonjwa alikuwa ameshajichagulia, lile lililomtisha kidogo kuliko mengine, na simu ikamletea dawa za bawasiri kurasa kwa kurasa, pamoja na kundi la watu mia nne waliopeana majani ya kuchemsha na maneno ya pole. Humo akajipatia ndugu. Hakuna aliyemwona uso, wala aliyemwambia avue suruali.

Mkewe aliuza nyuzi na vifungo kwenye kona ya duka hilohilo. Siku alipoikuta chupa ya majani nyuma ya majora ya vitambaa, alimbana.

"Baba watoto, daktari yuko hapo tu. Hatua thelathini."

"Nikamwinamie mtu ninayempima kiuno? Kesho akija hapa nitamtazamaje?"

"Mtazame kama tunavyowatazama wanaotuzalisha. Kwani sisi tulikufa kwa aibu?"

"Nyinyi mmezoea."

"Nani kakwambia tumezoea? Tulikaza roho."

Akacheka, akakanyaga cherehani, ikaunguruma, mazungumzo yakaisha. Ndivyo alivyomaliza kila ugomvi.

Kisha mwili ukaanza kwisha. Mtu mwingine angeona suruali inamvuka akashtuka, au angalau angetoboa mkanda tundu jipya akawa analiona kila siku. Futi alikuwa na cherehani. Mwezi wa tatu aliivua suruali yake ya kijivu, akapitisha mshono mmoja nyuma ya kiuno, kazi ya dakika nne, akaivaa ikamkaa sawasawa. Mwezi wa tano akaipunguza tena. Mwezi wa nane tena. Jicho lililojua mteja amekonda kabla hajaketi halikuona kitu kwake mwenyewe, maana kila asubuhi lilikuta nguo imemkaa kama amezaliwa nayo.

Daktari alipokuja kupimiwa koti alimwuliza, "Fundi, mbona umeisha hivi?"

"Nimeacha sukari, daktari. Inua mkono."

Daktari akainua mkono. Hilo nalo silinyamazii: alikuwa na haraka, akakubali kujibiwa hivyo.

Mwezi wa tisa Futi alianguka juu ya meza ya kukatia. Mkewe na mshona viatu wa jirani wakambeba, wakazivuka zile hatua thelathini. Daktari alimvua suruali kwa mkono wake, akaigeuza ndani nje ili aitundike, na hapo akasita. Mishono mitatu, iliyonyooka kama mistari ya daftari, mmoja ndani ya mwingine. Kitambaa kilichozidi kilikuwa hakijakatwa.

"Huu wa kwanza uliushona lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na huu?"

"Wa tano."

"Huu je?"

Futi akageukia ukuta. Mkewe ndiye aliyejibu. "Wa nane. Uzi nilimpa mimi."

Daktari aliiondoa futi shingoni mwa mgonjwa, akapima kutoka mshono wa nje hadi wa ndani, akaandika, akampeleka hospitali kubwa. Huko walikuta uvimbe wa utumbo mpana, na ulikuwa umeshafika kwenye ini. "Kwenye mshono wa kwanza," daktari alimwambia mkewe, "huenda ungekatwa ukaisha." Angeweza kulimeza neno hilo. Hakulimeza.

Wengine wanasema simu ndiyo iliyomuua. Simu ilijibu ilichoulizwa.

Wiki tatu kabla hajafa alikuwa kitandani nyumbani, akaomba ile suruali ya kijivu. Mkewe akamsimamisha, akamvalisha. Ikamvuka tena, mishono yote mitatu ikiwa mahali pake.

"Kwa nini hukukikata kitambaa kilichozidi?" mkewe akamwuliza.

"Nilijua nitanenepa. Ningefumua tu." Akashika kiuno cha suruali kwa vidole viwili, kama alivyowashika wateja miaka yote, akakadiria. "Inataka inchi moja. Nipe sindano na uzi."

"Uzi umeisha," akasema mwanamke aliyekuwa na kona nzima ya nyuzi dukani, akaishika ile suruali kwa mkono isimvuke.