Dawa mpya ilivyomfanya Wambui wangu nabii hapa Gakindu

Wakuu, hamjambo huko mliko. Shule niliacha mapema na hii stori nimeifuta mara kadhaa nikijiuliza nani atasoma. Lakini nitaiandika vile ilikuwa, hata pale inanionyesha mjinga.

Niko na msichana wa miaka sita, Wambui. Sisi wawili tunaishi na virusi vya UKIMWI na tunatumia dawa. Anayejua ni mama yangu peke yake, Cucu wa Wambui.

Juzi juzi kliniki wakambadilishia dawa. Ile ya zamani ilikuwa syrup chungu, anatapika mpaka kuku wanatoroka. Hii mpya inayeyushwa kwa maji, tamu kidogo.

Akamaliza, akalamba kikombe! Nilicheza jikoni peke yangu.

Sasa ndoto zikaanza.

"Cucu, niliona ng'ombe imevaa viatu ikienda kanisa."

Kesho yake, simba anachuma kahawa, tena anachuma mbichi tu.

Cucu hakucheka. Kanisa yao ndoto si mchezo. Na wiki hiyo hiyo ng'ombe ya jirani ikavunja ua ikaingia kanisani. Naapa! Haikuwa na viatu, hiyo lazima niseme.

Basi akina mama wa fellowship wakaanza kujaa kwetu. Wambui anakaa kwa stuli kama chifu, anaeleza. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kiliisha Cucu aliponiita kando ya zizi.

"Mama Wambui, huyu mtoto anaongeleshwa na Mungu. Ashapona. Hiyo dawa iishie hapo."

Kwa haki, Cucu si mtu mbaya. Nilipolemewa na ugonjwa mimi, ndiye alinipeleka hospitali na kunilisha uji. Nikajishuku. Mimi ni nani nimbishie? Na kama ni kweli?

Nikaenda kliniki. Nurse akasikiza, akatabasamu.

"Hizo ndoto ni side effect ya dawa, mama. Usikose kumpa hata siku moja. Mpe asubuhi badala ya jioni, wengi hutulia."

Nikamwambia Cucu.

"Na huyo nurse yeye ameota nini?" akaniuliza. Halafu akafikiria. "Haya, mpe asubuhi. Kama ni Mungu, saa haitamzuia."

Tukafanya hivyo. Jumapili akina mama wakaja, vikombe mkononi.

"Wambui, umeonyeshwa nini?"

"Nililala tu, Cucu."

"Ati hata ng'ombe hakuna?" mmoja akauliza.

"Hakuna."

Cucu akaniangalia. Mabega yake yakaanza kutingishika, kumbe anacheka! "Haya, mmalize chai mwende nyumbani."

Jumatatu nikampata Cucu jikoni, anakoroga dawa yeye mwenyewe.

"Lamba yote, nabii."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: mtoto akibadilika, uliza kliniki kabla hujasimamisha dawa. Labda wako hataota, atapata kitu kingine, mimi sijui. Wenye watoto kwa dawa, yenu iliwaletea mambo gani? Niambieni nisijione peke yangu.

Na ile ng'ombe ya jirani imerudi kanisani tena jana. Hiyo sasa sijui inatumia dawa gani.