Bia ya Kupeleka Ukweni Durban

Niseme wazi tangu mwanzo: kwenye mambo ya bia hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, lakini depo ya bia ninayo Kigoma mjini, malori mawili ninayo, na mwaka wa ishirini na mbili huu watu wananiletea chupa niwaambie imekaa juani siku ngapi. Kwa hiyo Bosco, mtoto wa marehemu kaka yangu, aliponipigia simu kutoka Durban kwamba anataka kuoa na msemaji wake ni mimi, sikuuliza mengi. Niliuliza mkwe anakunywa nini.

"Hapo ndipo penye kazi, baba mdogo," alisema. "Mzee anachagua. Wenzangu wawili wameshamposa Ancila, wakarudishwa na kreti zao. Na mimi mwisho wa mwezi kampuni inanihamishia Cape Town na lori langu. Mzee asipokubali kabla ya hapo, Ancila anabaki."

Kwa asiyejua mambo ya upande wetu: kwetu Buha, na kwa majirani zetu Warundi, neno la ndoa halitamkwi mdomo ukiwa mkavu. Bia inafunguliwa mbele ya mkwe, aliyeileta anaonja kwanza, ndipo mazungumzo yanaanza. Bia ikikataliwa, na nyinyi mmekataliwa.

Jumatano alfajiri nilipanda ndege, Kigoma hadi Dar, Dar hadi Johannesburg, na jioni nikashuka Durban na koti langu la harusi mkononi, maana joto la huko linabana kama la Ujiji. Bosco anakaa Albert Park, ghorofa ya kumi na moja, lifti imekufa. Kila ngazi nilisikia Kiswahili: cha Bukavu, cha Bujumbura, hata cha Tanga. Nilipofika juu nilikuwa nahema, lakini nilimwambia nimesimama kutazama mandhari.

Alhamisi asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa mtengenezaji mmoja mdogo nyuma ya bandari. Ana matangi matatu na ndevu hadi kifuani. Nilinunua chupa kumi na mbili, kila moja imezibwa kwa nta nyekundu kama barua ya serikali. Nikasema moyoni, hapa mkwe nimemmaliza.

Saa tisa tulikuwa Berea, kwa Mzee Zakaria. Ni Mrundi wa Makamba, fundi wa kushona vitambaa vya makochi, mtu mwembamba anayekutazama kama anapima kiuno chako. Mkewe, Mama Ancila, alituwekea bilauri. Nikafungua chupa, nikaonja, nikammiminia Mzee, nikasimama. Kusimama na kusema ndiyo kazi yangu.

"Mzee wangu," nikasema, "bia hii huipati Johannesburg. Huipati Cape Town. Huipati popote duniani! Ni hapa tu, kwa mtu mmoja tu."

Nikangoja aone ukubwa wa jambo. Mzee alirudisha bilauri mezani bila kuifikisha mdomoni.

"Na huyu kijana anaenda kuishi wapi?"

"Cape Town," Bosco akajibu.

"Basi siku akikuja kunisalimia, ataniletea nini? Au wewe utahamia Durban ukuwe unamtumia?" Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Ndugu yangu, mimi nilitoka Makamba, nikakaa kambini kwenu Tanzania, nikafika huku. Kila pahali nikihama, kinywaji changu kinabaki nyuma. Bia ya kufungua mlango huu ndiyo mkwe ataniletea siku zote. Na nikienda kwao nataka niikute iko dukani. Mutafute bia ya mtu anayehama. Mukuje Jumamosi."

Bosco alinigeukia tuliposimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani. "Eish, baba mdogo," akasema. "Ungenyamaza tu."

Ijumaa saa nne tukaingia supamaketi. Mvinyo umepangwa karibu na mikate, lakini bia hakuna hata kopo. Nilizunguka mara mbili. Bosco akanivuta mkono: sheria ya huku, bia inauzwa mlango wa pembeni, kwenye botoli stoo. Sikushangaa. Nilisema tu kwamba nchi iliyotenganisha bia na nyama inahitaji maombi.

Muuzaji wa botoli stoo, dada wa Kizulu mwenye kicheko kikubwa, alituonyesha rafu ya bia za viwanda vidogo, zile za watu wanaojivunia mkono wao. Nyingine, alisema, zimekua mpaka zinauzwa nchi nzima. Bosco akatafsiri: "Anasema kaka yake yuko Upington, kule ukame mtupu, na hizi nne anazipata." Basi nikachukua moja moja, za kupimia, kila moja na risiti yake. Nilipoipindua moja kichwa chini kuikagua, dada akasema kitu wakacheka wote wawili.

"Anasemaje?"

"Anasema, baba, hiyo siyo dawa ya kikohozi."

Alasiri nilikaa kibarazani kwa Bosco nikafanya kazi yangu. Ya kwanza ina rangi ya shaba, tamu kidogo kama sukari iliyoungua, povu lake linakaa. Hii ndiyo niliyoipenda. Mtu akifika huko aanze nayo. Ya pili ni chungu, ina harufu ya maganda ya chungwa, na chapati za maharage za Kihindi zinaipenda, zile wachuuzi wanazokuja nazo kutoka Chatsworth, mtaa wa Wahindi wa huko. Ya tatu nyeusi, kahawa tupu, ya mtu mwenye huzuni au mwenye pesa. Ya nne sikuifungua. Niliishika mbele ya jua nikaona ukungu ndani na mashapo chini. Kwenye depo yangu chupa ya namna hiyo hairudi rafuni, inarudi kiwandani.

"Imeharibika," nikamwambia Bosco. "Kesho tukitoka kwa mkwe tunairudisha. Nipe risiti yake."

Jumamosi saa tano tulikuwa Berea tena, na pakiti nzima ya zile za shaba. Safari hii sikutoa hotuba. Nikafungua, nikaonja, nikamkabidhi. Mzee akanywa taratibu. Bosco alikuwa anajifuta viganja kwenye suruali, na nyuma ya pazia la jikoni niliiona miguu ya Ancila imesimama, haiendi mbele wala nyuma.

"Nzuri," Mzee akasema. "Nzuri kabisa. Lakini ni ya watu wengine. Mimi hainiambii neno." Akaweka bilauri. Nikaona safari yangu yote inakauka. Kisha akaonyesha mfuko miguuni pangu. "Na ile?"

"Ile mbovu, Mzee. Ina mashapo. Naipeleka dukani."

"Mashapo? Leta."

Nilionja kwanza, maana desturi ni desturi, nikiwa nimefumba macho. Sikumeza haraka. Nikamimina kidogo kwenye bilauri yake. Mzee akainusa, akaitazama, akainusa tena, akaita: "Mama Ancila! Kuja unuse."

Mama akaja na mikono ya unga. Akanusa. "Ndizi," akasema. "Zakaria, ni ndizi! Na karafuu kidogo. Ni kama urwarwa wa mama yako."

Urwarwa ni pombe yetu ya ndizi. Bosco akasoma lebo: ngano tu, maji na hamira, ndizi hakuna hata moja. Nilikaa chini, kwa sababu kiti kilikuwa karibu.

"Iko Cape Town?" Mzee akauliza.

"Iko, baba," Bosco akajibu.

"Na kule katikati, njiani?"

"Mpaka Upington iko," nikaingilia, na safari hii mdomo wangu ulifaa.

Ilikuwa chupa moja tu, na sisi wanne. Mama akaimimina yote kwenye jagi, akatoa kwenye droo ya jikoni mirija ya karatasi waliyopewa siku waliponunua kuku wa dukani. Tukainamia jagi vichwa vinagongana kama nyumbani kwenye mtungi wa pombe, tunavuta upesi kabla mirija haijalainika. "Munasukuma wazee!" Mzee akafoka, anacheka. Alipoinua kichwa akasema, "Ancila, toka huko. Umesimama sana."

Jumatatu nilirudi, posa imeshakubaliwa. Zile za nta nyekundu tulizinywa na majirani wa ghorofa ya kumi na moja. Ni nzuri, sitaki kudanganya. Kigoma sasa, mtu akiniletea chupa yenye ukungu, naifungua kwanza, nanusa, ndipo nahukumu. Vijana wa depo wanashangaa.

Ndege, nta na koti sizihesabu, hayo ni yangu kupenda. Lakini bia iliyomfungua mdomo Mzee Zakaria risiti yake sikuirudisha dukani. Ninayo kwenye pochi: randi thelathini na mbili na senti tisini.