Nilivyompangia mama safari ya boti visiwa vya Nzilo, nikasahau nahodha ni mkwe wake

Wakuu wa humu, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu.

Nimeona mtu anauliza namna ya kukodi boti ya kifahari azunguke visiwani na familia, nikacheka peke yangu. Mimi bibi yenu nilikodi boti Kolwezi, kule Kongo, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala! Haya yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa na jirani. Wa kudai picha mnisamehe, kamera hatukuwa nayo.

Twende kazi.

Mume wangu Kazadi alikuwa fundi umeme kwenye bwawa la Nzilo. Ziwa lilikuwa bado jipya. Walikuwa wameuzuia mto Lualaba, maji yakapanda, vilima vikageuka visiwa. Jumapili Wazungu walistarehe humo na boti zao za matanga. Kazadi akirudi nyumbani, stori ni hiyo tu mpaka chakula kinapoa.

Wakati huo baba yangu alikuwa amestaafu kazi ya mgodi, ametangulia kwao Kasai kujenga nyumba. Mama alibaki avune mahindi yake, kisha amfuate moja kwa moja. Maisha yake yote kwenye kambi ya mgodi sikuwahi kumwona amekaa tu, mikono mapajani. Nikaapa: kabla hajapanda treni, nitampa siku moja ya raha. Siku moja tu, na mimi nikiwa pembeni yake.

Boti za Wazungu hatukuruhusiwa hata kuzigusa. Lakini kulikuwa na mvuvi, Tata Ilunga, aliyenunua boti ya mbao ya Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Ilikuwa na makasia mawili, rangi imebanduka, lakini haivuji. Akakubali kutukodisha siku nzima, tena akamfundisha Kazadi kuiendesha.

Wakuu, nilichanganyikiwa kwa furaha! Nilipanga kisiwa cha kupikia, kisiwa cha kulala mchana, kisiwa cha kuangalia tu. Nikakaanga kuku, nikafunga chikwangue, ule mkate wetu wa muhogo, nikashona na gauni jipya.

Nikaenda kumwambia mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Nani atavuta ile bwato?"

"Kazadi, mama."

"Mutoto wangu, we uko na akili? Mi nipande bwato moya na mukwe wangu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Kwa wasiojua: kwetu sisi Waluba wa Kasai, mama mkwe na mkwe wake wanaoneana haya. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na jina la mkwe mama halitamki. Kazadi akimwona mama njiani kambini, anakata kona nyuma ya nyumba za watu. Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa na hawajawahi kusemezana hata neno. Na mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimewapangia siku nzima ndani ya boti isiyo na kona!

Nililia, sitawaficha. Tata Ilunga alikuwa na kazi ya nyavu, na mwingine wa kuvuta makasia hatukuwa naye.

Aliyetuokoa ni Kazadi. Akaniambia, "Tosha machozi. Mwenye kuvuta kasia anaangaliaka nyuma. Mama akae mbele kabisa, mugongo yangu njo itamuangalia."

Kumbe ndivyo! Mvuta makasia anaipa mgongo safari yake. Mama akikaa mbele, akitazama mbele, wanapeana migongo. Mimi nikae nyuma kabisa, nimtazame mume wangu. Mama akafikiri siku nzima, akakubali.

Siku yenyewe, Kazadi alijificha mpaka mama alipokaa na kujifunika kitenge kichwani. Kisha akaingia kinyumenyume. Tukaondoka! Maji yalikuwa yanametameta, ndege weupe kila mahali, na mama mikono mapajani. Nilitamani kupiga vigelegele.

Tatizo likawa miti. Msitu ulikuwa umezamishwa na ziwa, magogo yamejificha chini kidogo ya maji. Kazadi anatazama nyuma, haoni. Mimi ananiziba. Anayeona ni mama peke yake.

"Ambia bwana yako aende kushoto."

Nikamwambia. Kazadi akaenda kushoto kwake, ambako ni kulia kwa mama. Boti ikakwaruza gogo.

"Nimesema kushoto! Ambia bwana yako!"

Nikamwambia tena, sasa wote watatu tumechanganyikiwa. Ghafla mama akageuka, akapiga kelele.

"Kazadi! Kushoto ya mi, haiko ya we! Kazadi!"

Kazadi, kwa kushtuka kuitwa jina, akageuka. Wakatazamana uso kwa uso.

Makasia yalisimama. Niliona haya mimi badala yao.

Mama akavuta pumzi. "Sasa umekwisha kuniona. Vuta, tutakufa na maji."

Nani aliyeanza kucheka sijui, lakini tulicheka mpaka boti ikayumba. Kuanzia hapo mama alimwongoza mwenyewe, Kazadi huku, Kazadi kule, kama karani wa kambi. Kisiwani alimtengea chakula kwa mkono wake, ingawa alikaa kula pembeni. Kesho yake Kazadi alimpelekea kuku mweupe wa kuondoa haya, kama desturi inavyotaka, na mama akampokea.

Siku ya treni tulimsindikiza stesheni, sisi wawili bega kwa bega. Hakuna aliyekata kona.

Niliyojifunza: ukipanga safari, kabla ya chakula na gauni, uliza nani ataketi wapi. Na usiogope sana wakikaa vibaya.

Treni ilipoanza kutembea mama akatoa kichwa dirishani. Nikanyoosha mkono nikijua ananiaga mimi. Yeye akaita, "Kazadi! Ule mutoto wangu, umuchunge!"

Sikumwona tena. Haya wakuu, tiririkeni: kwenu mkwe anakaa wapi kwenye boti?